Mwandishi wa Pili

4 Februari 2021

Shikamoo Baba,

Goti linasemaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachechemea, na uliisikia kwenye simu hata nilipojichekesha.

Ni hivi. Mtafiti wa ubongo hapimwi kwa jasho. Anapimwa kwa makala alizochapisha, na kwa mara ambazo watafiti wengine wamezitaja katika kazi zao, tunaita kunukuliwa. Nina makala tisa. Nane zimenukuliwa mara arobaini na tatu. Ile ya marehemu Mama, kwamba alisahau majina yetu lakini mkono wake uliendelea kukata kola za mashati pale dukani kwenu sawasawa, haijanukuliwa na mtu hata mmoja, miaka mitatu sasa. Mkuu wa idara ananiambia, "Mgonjwa mmoja, kipimo cha siku moja. Hiyo ni hadithi, dada." Mwakani mwezi wa sita jopo litakaa kunijadili. Nikishindwa, maabara anapewa mwingine. Nilichokiona nakiamini, ila ushahidi sina.

Mwanao

19 Februari 2021

Marahaba mwanangu,

Goti linaamka kabla yangu, basi ujue tuko hai wote wawili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Siku moja? Nani kasema siku moja?

Kuna jambo sikukuambia. Tangu mama yako alipoanza kusahau, kila jioni kabla ya kufunga duka nilizipima kola alizokata, nikaandika. Nilitaka nikikuta kosa nikate upya kabla mteja hajaliona, na yeye asijue. Miaka minne nilimkagua mke wangu kama mwanafunzi, na niliona haya. Siku ambayo hakunitambua niliweka alama ya X pembeni.

X ya kwanza naikumbuka. Nilisogea kuchukua mkasi, akanizuia: "We baba, uache huo, mume wangu mkali." Nikamuuliza, "Ni mtu mzuri?" Akasema, "Mzuri, ila mbishi." Akaendelea kukata huku anapiga mluzi. Kola sita siku ile. Hakuna iliyopishana na mwenzake hata kwa unene wa uzi.

Madaftari ni saba. Sijawahi kumwonyesha mtu. Nimeyafunga kwa kitambaa, yanakuja.

Baba yako

30 Machi 2021

Shikamoo Baba yangu,

Natumaini unakula vizuri, maana mimi chakula nakisahau mezani.

Yamefika. Kola elfu tatu na ishirini na moja! Nilikaa sakafuni pale maabara nikalia, halafu nikaanza kuhesabu. X zinaongezeka mwezi hadi mwezi, kola hazibadiliki, mpaka wiki tatu za mwisho kabla hajatutoka. Simjui mtafiti aliyempima mtu mmoja siku kwa siku kwa miaka minne.

Nina maombi mawili. Makala mpya itakuwa na majina mawili, langu na lako, maana aliyepima ni wewe. Na zile X, wageni watazisoma. Utaridhia?

Mwanao

11 Aprili 2021

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, duka lina kazi kidogo.

Wazisome. X ni zangu, mimi ndiye niliyesahauliwa. Kola ni zake.

Baba yako

17 Juni 2022

Baba, shikamoo na vigelegele!

Afya yako nitaiuliza mwishoni, leo nisamehe. Jopo lilikaa jana. Makala yetu imenukuliwa mara sitini na nane kwa miezi kumi! Maabara tatu zimewapima wasusi na mafundi viatu wenye ugonjwa kama wa Mama, wamekuta vilevile. Mkuu wa idara aliisoma idadi hiyo mara mbili, akauliza, "Huyu mwandishi wa pili yuko chuo gani?" Nikasema, "Yuko dukani, anashona mashati." Wakacheka wote, kisha wakapiga meza kwa viganja. Maabara imebaki kwangu, na cheo juu. Haya, goti je?

Mwanao

2 Julai 2022

Profesa wangu, marahaba mara sitini na nane,

Goti leo halina neno. Nilimsomea kinyozi jirani barua yako. Akasema, "Basi mashati yako yatakuwa hayashikiki bei." Nikamuuliza, "Wewe umenukuliwa mara ngapi?" Akarudi kunoa wembe wake.

Baadaye nilikaa kwenye kiti cha mama yako. Mara sitini na nane, watu wasiomjua wameandika kwamba mkono wake ulijua kazi hata alipokuwa hanijui mimi. Nami nilikuwa nikimpima kwa hofu. Furaha hii, mwanangu, nimeivaa na sijui niivue wapi.

Halafu kuna mtafiti wa mbali kaniandikia, eti "Mpendwa Profesa". Anauliza nilitumia kifaa gani. Nimemjibu: futi ya kupimia nguo, iliyofutika namba za mwanzo. Anauliza pia kama nina makala nyingine njiani. Nimemwambia ipo, tunaipiga pasi. Kwa hiyo kaa chini ufikirie itahusu nini.

Baba yako, mwandishi wa pili