Chupa Unayoiona Nyuma Yangu

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa mjini New Hope tu wazima, ingawa theluji imekataa kuondoka na sukari yangu imepanda tena. Mama yako anakusalimu kati ya zamu moja na nyingine. Nimefurahi kusikia umeanza kusomea uuguzi.

Umeniuliza mbona mimi, mtu wa kanisa, nina chupa ya divai kwenye rafu, ile unayoiona nyuma yangu tukipigiana simu ya video, na siifungui.

Nilipofika huku, bado kijana, nilifanya kazi ya kumtunza mzee Mgiriki katika mji wa Anoka. Kwao ni kisiwa cha Santorini, penye upepo mkali hivi kwamba mizabibu yao, ya aina iitwayo asirtiko, husukwa chini kama kikapu ili zabibu zijifiche ndani. Binti yake alimletea divai nyeupe ya zabibu hizo. Daktari hakuikataza. Mzee aliniomba kijiko kimoja tu cha divai hiyo, aonje ndani yake chumvi ya bahari ya kwao. Alikuwa anakufa, na alijua.

Mimi niliimwaga yote kwenye sinki, nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuishika. Nikampelekea juisi ya zabibu. Alionja, akanirudishia kijiko.

"Hii si ya kwetu," akasema, akageukia ukuta. Hakuniomba kitu tena.

Alipozikwa nilinunua chupa kama ile. Sijui nilimnunulia nani.

Wewe utashika vijiko vingi, Chebet. Jana nilimwomba mama yako chai ya maziwa, yenye sukari, kama ya nyumbani. Akaniletea isiyo na sukari, kwa upendo kabisa. Nilionja, nikamrudishia kikombe, nikageukia ukuta.

Nyanya yako