Kochi la Ekai, Lodwar

Mdogo wangu Lokale, ejok!

Mji ni mji! Hapa Lodwar nimekunywa soda baridi hadi meno yakaniuma. Ekai, yule tuliyechunga naye mbuzi, siku hizi ni karani wa tai shingoni, nikaogopa amenisahau. Kigoda changu cha kulazia kichwa nikakificha nje, nisionekane mshamba. Akanikalisha kwenye kochi jipya kutoka Kitale. Joto la adhuhuri! Tuliloa jasho chapachapa, kila mmoja akimwonea mwenzake haya. Mwishowe Ekai akachomoa kigoda chake uvunguni mwa kochi, akajilaza sakafuni na tai yake.

“Leta chako,” akasema. “Nilikuona ukikificha.”

Basi usiuze mbuzi hapo Kakuma ununue kochi. Nisalimie mama, na mbuzi uwaambie wamepona.

Kaka yako,
Lopeyok