Bibi Fimbo, bosi asiye wa lazima

Jumamosi, Kibeta. Mvua imeanza alfajiri na mpaka naandika hivi bado inadondoka, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka. Nguo za mwanangu Kemi nimezianika sebuleni na nyumba nzima inanuka sabuni.

Nimechoka, lakini uchovu wa leo ni mwingine. Ni kama wa mtu aliyetoka kulima shamba lake mwenyewe.

Nimemshinda Bibi Fimbo.

Kwa mgeni wa blogu hii nieleze kidogo. Wifi yangu Editha, mdogo wake mume wangu, amekaa na sisi tangu amalize chuo. Alikuja na begi la nguo na mashine ya gemu, akaichomeka kwenye tivii yetu. Mwanzoni niliiona kelele tu. Halafu mchana mmoja Kemi amelala, vyombo vimeoshwa, nikashika ile pedi ya kuchezea nione kuna nini. Basi ikawa ndiyo hivyo. Ni gemu ya msichana mwenye mkuki na upinde, anazunguka nchi ya milima kumtafuta kaka yake. Anapanda majabali, anaogelea, anapigana. Mabosi, wale maadui wakubwa, wengi ni wa lazima, usipowashinda njia haifunguki.

Bibi Fimbo sio wa lazima. Jina hilo tumempa sisi. Ni bibi mmoja mrefu kuliko nyumba, amekaa nyuma ya kijiji mbele ya geti la mawe, fimbo yake iko mapajani. Ukimpita, hakufanyi kitu. Unaendelea na safari, unampata kaka yako, gemu inaisha. Mimi kaka nilishampata zamani, na nililia kidogo, sitaficha.

Lakini lile geti limebaki limefungwa. Sijui nyuma yake kuna nini.

Na Editha amepata kazi Muleba. Kesho tukitoka ibadani anapanda gari, na mashine yake anaondoka nayo. Nimeolewa nimetokea Muleba, naijua njia, ila siwezi kumfunga mtoto mgongoni nikasafiri kwenda kucheza gemu. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Editha aliniona asubuhi namenya ndizi huku naangalia tivii iliyozimwa.

"Wifi, si nikuoneshe kwenye simu? Watu wamerekodi. Sasa hivi unajua geti lina nini."

"Sitaki."

"Basi nikupigie mimi huyo bibi."

"Sitaki pia. Wewe kaa pale unicheke."

"Kukucheka mbona sihitaji kuombwa."

Nimejiuliza kwa nini nilikataa. Sio ubishi, ingawa mama yangu angesema ni ubishi. Nadhani ni hivi. Kila ninachofanya tangu nimzae Kemi ni cha lazima. Kuamka ni lazima, uji ni lazima, kufua ni lazima, na kumwambia baba yake kwenye simu kwamba tuko salama ni lazima, maana yuko barabarani na lori na akikosa usingizi kwa ajili yetu ni hatari. Sinung'uniki. Nampenda mtoto wangu mpaka naogopa. Ila vitu vya lazima haviishi. Vyombo vikiisha leo, kesho vipo.

Nilitaka kitu kimoja nilichokichagua mwenyewe, nikianze na nikimalize kwa mkono wangu.

Baada ya chakula Kemi alilala. Nikakaa kwenye mkeka, Editha kwenye kochi na kikombe cha chai, kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

Bibi Fimbo anapigana hivi: ukikaribia anainuka taratibu, unaona kabisa magoti yanamuuma, unamwonea huruma. Halafu anazungusha fimbo kwa upana na huruma inaishia hapo. Nikiruka, inanikuta hewani. Nikikimbia kurudi nyuma, ncha inanifikia. Editha husema nimpige mishale kutoka mbali, lakini kwa mbali anaokota mawe, na mawe yake hayakosei.

Nilikufa. Nikafa tena. Mara nyingine nilikufa kabla hata hajasimama vizuri, nilijikwaa mwenyewe kwenye ngazi za geti.

"Hiyo sasa hata bibi ameshangaa," Editha akasema.

Nilikuwa nimeanza kuhesabu pumzi za Kemi chumbani badala ya kuangalia fimbo. Mama mwenye mtoto aliyelala anasikiliza kwa mgongo.

Halafu likatokea hili ambalo bado nalifikiria.

Nyumbani kwetu Muleba mtoto wa kike anafundishwa kupiga magoti akimsalimia mkubwa. Hafundishwi kwa maneno mengi. Unashikwa bega, unashushwa chini, mara ya kwanza, ya pili, mpaka siku moja bega halishikwi tena na wewe uko chini tayari. Mimi mpaka leo nikimwona mama mkwe anaingia getini na mkungu wake wa ndizi kutoka shambani Kanazi, magoti yanatangulia, akili inafuata. Editha amekulia mjini, yeye anainama kidogo tu kama anayetafuta shilingi iliyodondoka, na mama yake ameshachoka kumsema.

Sasa nikaingia tena kwa Bibi Fimbo. Nimechoka, kichwa hakipo. Nikamwona anainuka, mzee wa watu, kitambaa kimemteleza begani, na kidole changu kikabonyeza kitufe cha kuchuchumaa. Yule msichana wangu akashuka, goti moja chini, kichwa kimeinama.

Fimbo ikapita juu.

Ikapita kabisa, ikaenda kupiga ukuta, na Bibi kwa sababu ameizungusha kwa nguvu zote akayumba, akainama mbele, kifua chake kikawa sawa na mkuki wangu. Sikuchoma hata. Nilibaki nimeduwaa.

Editha akaweka kikombe chini. "Wifi. Unamsalimia?"

"Mzee ni mzee."

"Msalimie basi na umchome, anakuja."

Nilikufa mara hiyo, kwa kucheka. Lakini nilikuwa nimejua. Nikarudi. Akainuka, nikapiga goti, fimbo ikapita, nikasimama, nikachoma, nikarudi nyuma. Akainuka tena. Goti, fimbo, mkuki. Editha akaanza kuitika kwa niaba ya bibi, kwa Kihaya, kwa sauti ya mama yake kabisa, anauliza nyumbani hawajambo, ng'ombe hawajambo, na mimi nachoma huku najibu ndiyo waitu, hawajambo waitu, kwa neno letu la heshima kwa mkubwa.

Aliyetengeneza gemu hii yuko nchi gani sijui. Nina hamu ya kumuuliza. Je, naye alishikwa bega na bibi yake? Au kule kwao kuchuchumaa ni kujificha tu, na ni mimi niliyeona salamu? Sitajua, lakini nafurahi kuwaza.

Bibi alikuwa amebaki na uhai kidogo, ule mstari mwekundu umekuwa uzi, Kemi akaamka.

Hakulia kile kilio cha kuota meno. Alilia kile cha kunitaka mimi. Na gemu hii mbele ya Bibi Fimbo haisimami, ukiweka pedi chini anakumaliza. Nilishaiweka chini mara nyingi kwa sababu hiyo, na sijutii hata moja. Leo pia nilianza kuiweka.

Editha akawahi chumbani. Akarudi na Kemi amejikunja kwa hasira, akajaribu kumbembeleza na kijiko, na funguo, na simu. Hakuna. Kemi akanyoosha mikono kwangu.

"Mlete hapa," nikamwambia.

"Hapa wapi? Una bibi hapo."

"Wote wataenea."

Akamlaza mapajani kwangu. Nikafungua kifungo kwa mkono mmoja, akapata titi, akanyamaza. Mikono yangu ikamzunguka, pedi ikawa juu ya kisogo chake, na yeye akaweka kiganja kidogo cha joto kwenye mkono wangu wa kushoto, ule wa kumtembeza msichana. Nikamwambia kwa upole lakini nikamwambia: mama anamalizia kitu chake, subiri. Sidhani kama nimewahi kumwambia hivyo.

Goti. Fimbo ikapita. Nikasimama, nikachoma.

Bibi Fimbo hakuanguka. Alikaa. Akakaa taratibu pale pale alipokuwa, akaweka fimbo mapajani, akasogeza mguu kunipisha. Geti likafunguka. Editha alinipiga mgongoni mpaka Kemi akaacha kunyonya amwangalie.

Nyuma ya geti kulikuwa na njia ya majani. Nikaifuata polepole, mkuki mbele, nimezoea kuvamiwa. Hakuna aliyenivamia. Hakukuwa na sanduku wala silaha. Njia ilipanda mpaka kwenye ukingo wa kilima, na chini yake maji mengi, tulivu, na katikati ya maji kisiwa.

Basi. Hayo tu.

"Ndiyo hicho ulichokuwa unakifia?" Editha akauliza, lakini kwa sauti ya chini, naye alikuwa anaangalia.

Nikashuka mpaka majini nikaanza kuogelea kuelekea kisiwani. Nikafika mahali msichana wangu anapiga mikono lakini hasogei.

"Huko hakufikiki, wifi. Ni picha tu wameichora, nchi imeishia hapo."

Nikamrudisha ufukweni, nikamsimamisha pale. Tulikaa tunaangalia yale maji mpaka Kemi akamaliza kunyonya, na hakuna aliyeniambia nifanye kitu. Kisha Editha akazima, akaanza kukunja waya mmoja mmoja na kuupanga kwenye begi. Nilidhani nitaumia kuona. Sikuumia sana.

Wakati anakunja nilimuuliza, wewe umezaliwa hapa, umeshawahi kufika Musira? Musira ni kisiwa kilichoko pale ziwani mbele ya mji, kila nikishuka sokoni nakiona, nimekiona tangu nimeolewa. Akasema hapana. Nikamuuliza, na mama je? Akasema hadhani. Tukatazamana.

Watu wanaishi kule. Boti zinakwenda na kurudi. Hakuna aliyewahi kunikataza, na hakuna aliyewahi kunituma.

Editha amesema akirudi likizo twende Musira wote watatu, na Kemi. Nimemwambia sawa, ila atatukuta mimi na Kemi tumeshafika, nitamtembeza. Baba Kemi akipiga simu jioni hii nitamwambia tuko salama, kama kawaida, halafu nitamuuliza boti zinaondokea upande gani.