Sufuria Kwenye Mzigo wa Adui

Bunia, siku ya tatu ya juma, jioni

Na kamba ya mzigo ule ni mimi mwenyewe niliikaza!

Siku ya Mungu, Jumapili, kule kambini tulikokimbilia vita, niliwafundisha wakristo wetu neno la walimu wa Wayahudi: rafiki na adui wakihitaji mukono wako saa moja, anza na adui, ili uvunje roho yako mbaya. Wakapiga makofi.

Leo bunduki zimenyamaza, tukarudi mtaani. Njiani wifi akaniita nimshushe beseni kichwani. Palepale baiskeli ya jirani yangu Zakaria ikaanguka na mzigo wote. Miaka miwili hatusalimiane, sababu ya mpaka wa lupango, kiwanja cha nyumba. Wakristo wote wakanikazia macho.

Nikaanza na Zakaria. Wifi akasonya. Napakia, nakaza kamba, naona sufuria yangu, ile yenye mushikio wa waya!

"Niliichukua kwako, mama mwalimu, waporaji wasiipore," akasema.

Mwongo, nikasema moyoni.

Saa hii ameileta mwenyewe, imejaa maharagi ya moto. Matusi niliyomwekea miaka miwili nimeyameza pamoja nayo.

Chumvi imezidi. Kesho nitamwambia. Lakini nitaanza na salamu.