Fahali wa Kwenye Matete

Akkamis,
Ukingo wa Mto Sir,
17 Juni 2009.

Mpendwa kaka yangu Amangos,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe, shemeji Raushan na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Samaki wa Ziwa Balkhash wanapatikana mwaka huu? Na jino la shemeji je, limeng'olewa au bado analibembeleza? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Balzia mzima, binti yetu Aiman anaingia darasa la tano, na ngamia wawili wamezaa salama.

Baba naye yupo. Tangu kile kiharusi cha mwaka juzi upande wa kushoto haujarudi, na maneno yanamtoka mawili matatu kwa siku. Lakini anakula, na chai ikipoa utamjua.

Barua yako ya Mei niliipata. Unasema Agosti utakuja na gari umchukue baba akaishi kwako, kwa kuwa huko kuna hospitali kubwa na kwa kuwa mimi nimechoka. Kaka, nani kakwambia nimechoka? Mimi ndiye kitinda mimba. Unajua fika kwamba kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi mpaka awazike. Baba akitoka kwangu akaja kufia kwako, hapa Akkamis nitapita njia gani? Watasema Tilegen kashindwa na bakuli moja la supu ya mzee wake. Nimekaa mwezi mzima bila kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu matusi ndiyo yaliyotangulia.

Basi leo naandika, na la kwanza nikuambie bila kuficha: nakuonea wivu. Si wivu wa jana. Ulihama na wavuvi kwenda huko Balkhash bahari yetu ilipokauka na kutukimbia, mimi nina miaka sita. Kwa miaka ishirini na sita umekuja mara nne, na bado nyumba nzima ni yako. Kila tukichinja farasi wa majira ya baridi, baba anakutengea fungu lako, hata sasa analionyesha kwa mkongojo, mbavu hizi na nyonga ile, asiguse mtu. Linaning'inia likikusubiri mpaka Juni, limekuwa gumu kama soli ya kiatu, wewe huji, ndipo tunaruhusiwa kulila. Mwaka huu jino langu limekwenda na fungu lako. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, ila kwa baba yetu fimbo ni hiyo hiyo moja, ya mbali.

Sasa nikupe habari za wiki iliyopita. Tangu maji yarudi, matete yameota tena kule kwenye bwawa la zamani, marefu kuliko mtu aliyepanda ngamia. Tulikwenda kukata mabichi ya kulishia ng'ombe, mimi na Balzia na jirani yetu Kuanish, tukapiga turubai kwenye kile kisiwa kikavu, siku nne. Baba alikataa katakata kubaki. Ikabidi nimpakie kwenye kigari cha ubavuni mwa pikipiki, akaenda ameketi kama waziri anayekagua barabara, mkongojo mkononi.

Asubuhi ya pili, Balzia anachemsha chai ya maziwa, kitu kikalia ndani ya matete. Sijui nikuandikieje. Buum. Kikanyamaza. Buum, buum. Sauti nzito ya chini, tumbo ndilo lililoisikia kabla ya masikio. Mbwa wa Kuanish, anayejifanya simba akiona kuku, akaingia chini ya pikipiki. Mimi nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na mlio ule sijawahi kuusikia maishani.

"Huyo si fahali wa Orazbai?" Kuanish akasema. "Si kapotea tangu sikukuu ya Nauruzi?"

"Fahali anafanya nini katikati ya maji?" akauliza Balzia.

"Fahali wa Orazbai huyo! Ana akili za mwenyewe Orazbai."

Nikaona hapa nitapata sifa. Nikachukua kamba nikaingia. Kaka, nilizunguka mle saa mbili nzima, maji kifuani, naita fahali wa watu kama anayeita mchumba. Nikienda kulia, sauti inatoka kushoto. Nikikaribia, kimya. Nikigeuka kurudi, buum, nyuma ya kisogo. Sikuona alama ya kwato, wala kinyesi, wala tete lililovunjika. Nilitoka na ruba saba miguuni.

"Vipi, mume wangu, fahali ni mkubwa?" Balzia akaniuliza, akiwachomoa ruba. "Maana naona umerudi na ndama zake."

Kuanish alicheka mpaka akamwaga chai. Na baba akacheka. Nilisahau ruba. Tangu augue hajacheka, na pale alikuwa anacheka hadi bega lake zima linatikisika, machozi yanamtoka. Akaashiria apewe gudulia la maziwa ya ngamia, lilikuwa tupu. Akaliweka mdomoni akapuliza. Buum. Na kule ndani kikamjibu!

Halafu akanitazama usoni na kusema, wazi kabisa, kama mtu mzima wa afya: "Amangos, umemsikia? Karudi."

Nikadhani amekosea jina tu. Wapi! Siku zote zilizobaki nilikuwa Amangos. Kila kikilia, alfajiri na magharibi, ananishika mkono na maneno yanamwagika: mtumbwi wenu mlioupaka lami, wewe na yeye tu, wewe ulivyotumbukia majini ukamkamata yeye mkanda, marehemu mama alivyowagombeza. Miaka miwili namlisha, namkogesha, namgeuza kitandani, na mimi napata "chai", "maji" na "hapana". Wewe unapata hadithi. Roho iliniuma, sikufichi. Nilikata matete kama ninayekukata wewe.

Nikasema basi walau nijue ni mnyama gani. Nikamwuliza. Akanikunjia uso. "Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemwona, tukalala kifudifudi tusimtishe akapaa?" Ndiyo hali niliyokuwa nayo. Nikiwa Tilegen hanijibu, nikiwa Amangos nimeshajua. Wewe unamjua, na pengine huko Balkhash unamsikia kila mwaka wala hushtuki. Hata hilo nakuonea wivu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Siku ya nne mchana, Balzia na Kuanish wamekwenda kupakia, mimi nafunga mafungu ya mwisho, baba ameketi kwenye mkeka. Akaniita, "Amangos." Nikaitika, nilikwisha zoea. Akasema, "Utakuja lini kunichukua?"

Sikufikiri, kaka. Au nilifikiri, sijui. Nilimjibu kwa jina lako na kwa ile sauti yako ya haraka ya kwenye simu: "Siji, baba. Nina kazi nyingi. Kaa huko huko."

Nilidhani atalia, hakulia. Alilainisha ile shuka aliyofunikwa magotini kwa mkono mzima, akailainisha tena. Kisha akasema polepole: "Haya, mwanangu. Lakini usimwambie Tilegen kwamba nilikuuliza. Ataumia."

Nilikwenda nyuma ya lile lundo la matete nikakaa chini. Maisha yangu yote nilitaka anichague mimi, na siku niliyoshinda, nimeshinda kwa wizi, na aliyeibiwa ndiye aliyekuwa ananihurumia.

Jioni ile sauti ililia tena, karibu kuliko siku zote. Nikamletea gudulia. Akalipa kisogo, akageuzia uso kwenye turubai. Tangu turudi nyumbani hajalitaja jina lako, hajaniita Amangos wala Tilegen, na chakula ni vijiko viwili basi. Balzia anasema ni uchovu wa safari. Hajui, sijamwambia.

Nimejaribu kulirudisha neno langu. Juzi nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, "Baba, Amangos anakuja kukuchukua. Ameandika barua, hii hapa." Nikamsomea yote, hata pale uliposema nimechoka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanipigapiga mkono, akasema, "Mwanangu mwema. Usijali." Hakuamini neno hata moja. Aliona mtoto wake mdogo anamdanganya ili asihuzunike, kwa sababu Amangos mwenyewe alishamwambia haji.

Kwa hiyo usingoje Agosti. Acha nyavu, acha kila kitu, uje mwezi huu. Mimi siwezi kulitengua, ni mdomo wako tu utakaoweza. Ukifika, mwulize mbele yangu anataka kwenda au kubaki. Akisema anakwenda, mimi mwenyewe nitamfunga blanketi na kumpandisha garini, na Akkamis waseme watakavyo. Wivu bado ninao, usifikiri umekwisha. Lakini sitaki baba afe akiamini kwamba hukumtaka, maana si kweli, na aliyesema ni mimi.

Ukipenda kumwambia kwamba ni mimi niliyemjibu, mwambie. Usipopenda, nyamaza. Wewe ndiye mkubwa. Utakavyoamua nitatii, hata kama ni kunizaba kofi mbele ya mke wangu.

Nisalimie shemeji Raushan kwa heshima zote, wanao Sandugash na Bekarys, na shangazi Kamila mkikutana naye mjini. Balzia anakusalimu na anasema ulete samaki wakavu, wale wa mwisho walikuwa watamu. Aiman anawaamkia wote. Kuanish anakusalimu pia, na bado anashikilia kwamba ni fahali wa Orazbai.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akulinde na upepo wa nyikani, akufikishe tukiwa bado watatu, baba, wewe na mimi.

Nduguyo akupendaye hivyo hivyo na kijicho chake,

Tilegen