Vidonge vya Goti

Kaka,

Tumepata salamu zako na vile vidonge vya goti. Baba hajambo, yuko karakanani anapiga randa mlango wa jirani.

Ila hebu nisikilize. Juzi alijikwaruza kidole kwa msumeno, damu ikachuruzika asubuhi nzima. Kliniki walipompima wakakuta damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. "Nani kampa dawa ya maumivu, na huku anatumia ya kuzuia damu kuganda?" muuguzi alifoka. Kadi ya Baba ya kliniki imeandikwa dawa hizo marufuku, kwa wino mwekundu! Wewe kadi hujawahi kuiona, lakini kwenye simu udaktari umekujaa.

Baba anakutetea, eti ulimtakia mema. Usitume tena hata kidonge kimoja.

Ni mimi dada yako, ninayeibeba kadi hiyo kila mwezi, na niliyemmezesha vidonge vyako.