Sungura Watano wa Limi

Segese, 4 Machi 2024

Mwanangu Limi,

Hujambo huko chuoni? Sisi tupo, mama yako anakusalimia. Mguu ndio haujapona. Tangu duara, lile shimo la dhahabu, litubomokee machimboni, huu mwaka wa pili, mfupa haujaunga na usaha unatoka.

Umeniomba picha ya eksirei. Watu wananiambia mnatengeneza mifupa huko na mnatafuta wa kujaribia. Ni mimi? Niambie kweli kabla sijaituma.

Baba yako,
Masalu

Dar es Salaam, 19 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Picha nataka aione Daktari Davis wa mifupa, tunayefanya naye utafiti huu, basi. Tunachotengeneza ni kiunzi. Mfupa wa ng'ombe tunauchoma kwenye tanuru mpaka nyama na mafuta viishe, unabaki mweupe, una vitundu kama sifongo. Mfupa hai unaingia humo na kujijenga. Kazi yangu ni kuviboresha vitundu hivyo. Tumewawekea sungura tu.

Mwanao,
Limi

Segese, 2 Juni

Limi,

Salamu. Habari zako nazipata kwa wengine. Mwalimu Generosa wa hapa Segese amesikia redioni kwamba sungura wenu wanatembea. Wewe kimya miezi miwili, na picha yangu unayo. Hospitali wamepanga kuukata mguu tarehe kumi na nne. Mfupa huo mnamwekea nani, kama si baba yako? Ulete.

Baba yako

Dar es Salaam, 6 Juni

Shikamoo Baba,

Pole na maumivu. Sungura walikuwa kumi na wawili. Saba wanatembea. Watano miguu ilioza pale tulipoweka kiunzi, na sijajua sababu. Hilo redioni halikusemwa. Hakuna mtu aliyewekewa. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa ukiniomba nitashindwa kukataa. Sasa nakataa. Davis anasema usaha unapanda. Kubali wakate. Nitakuja.

Mwanao,
Limi

Wodini, Kahama, 17 Juni

Mwanangu Limi,

Ulifika salama? Kidonda kinauma, lakini ni kikavu. Ulipokuja sikukusemesha, niliamini bado unanificha jambo. Ulipoondoka nikampigia Davis, nikamuuliza mwenyewe. Akasema, "Saba wazima, watano waliharibika."

Mguu uko kwenye jokofu la hospitali. Mama yako anataka uzikwe. Nimesaini uletwe kwako. Tazama kilichouozesha, huenda ndicho kilichowashinda wale watano. Ukimaliza, urudishe tuuzike. Na uniandikie, hata kama hujaona kitu.

Baba yako,
Masalu